Macho Yaliyosahau Kupepesa

Mimi ni afisa wa mifugo. Kazi yangu ni kuchanja, kukata kwato, kuvuta ndama waliokwama, na kuwasikiliza wafugaji wakinieleza kwa nini ng'ombe wao ana akili kuliko jirani. Wananiita daktari, nami nimechoka kuwasahihisha. Nilizaliwa Muthara, kwenye nyumba iliyozungukwa na miraa, na nilizaliwa na macho yasiyofika mbali. Kitu kikiwa karibu na mkono wangu nakiona vizuri. Kikivuka hapo kinaanza kuyeyuka. Hadi darasa la nne nilidhani ndivyo dunia ilivyo kwa kila mtu: kwamba mti ni kijani juu ya kahawia, na kwamba watu hutambuana kwa mwendo na sauti. Mwalimu ndiye aliyegundua. Mama akanipeleka hospitali, nikapewa miwani, na tangu siku hiyo nikaishi nyuma ya vioo.

Sikuilalamikia miwani. Lakini miwani na kazi ya mifugo havipatani. Kwanza nilipangiwa kazi juu ya mji wa Embu, upande wa majani chai, ambako kila boma lina ng'ombe wawili watatu wa maziwa na mvua haimnyimi mtu. Asubuhi ya baridi ukiinama nyuma ya ng'ombe anayezaa, joto lake linapanda na kuvifunika vioo kwa mvuke, na wakati huo mikono yako yote miwili iko kazini. Jasho linateremka, miwani inateremka nalo. Siku moja ikateremka kabisa. Nilisikia ng'ombe akihamisha mguu, nikasikia mlio mdogo chini ya kwato, nikajua. Nilimaliza kumvuta ndama kwa kupapasa, maana humo ndani hata mwenye macho mazuri haoni kitu. Ndama akatoka hai. Nilipotoka zizini ndipo nilipogundua kwamba siioni njia iliyonileta. Mwenye ng'ombe, baba mmoja mpole sana, alinishika mkono akanipeleka hadi barabarani kama bibi harusi, akiniambia hapa pana jiwe, hapa pana mtaro.

Wiki hiyo hiyo nilienda mjini Embu kutafuta miwani mingine. Daktari wa macho alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na haraka. Alikisikiliza kisa cha ndama mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimewahi kufikiria kuvaa lenzi. Nilizijua kwa kuzisikia tu. Nilidhani ni vipande vidogo vya kioo, na wazo la kioo ndani ya jicho lilinisisimua mwili. Yeye akachukua moja, akaiweka kwenye ncha ya kidole changu. Haikuwa kioo. Ilikuwa laini na yenye unyevu, nyepesi kuliko utando unaokaa juu ya maziwa yaliyopoa, na ilikuwa safi kiasi kwamba niliiona tu kwa sababu ya ukingo wake. Aliniambia kwamba sehemu kubwa yake ni maji. Maji yaliyoshikwa ili yakae na umbo. Sikujua kwamba maji yanaweza kushikwa hivyo.

Kuivaa kulichukua muda mrefu. Kila kidole kilipokaribia, jicho lilijifunga lenyewe, bila kuniuliza mimi mwenyewe. Nilianza kuomba radhi. Daktari akasema hakuna haja, jicho linafanya kazi yake, lingeruhusu kila kitu kuingia lisingekuwa jicho. Tukaendelea. Hatimaye ya kwanza ikakaa, halafu ya pili, na nikahisi ubaridi kidogo, kisha sikuhisi kitu.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Nilisimama mlangoni nikisubiri, kwa mazoea, maana mtu wa miwani hukimbia mvua kabla ya watu wengine. Tone la kwanza likija kwenye kioo, dunia inavunjika. Halafu nikakumbuka. Nikatoka barabarani nikainua uso. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu na nilikuwa sijawahi kuiona mvua ikishuka. Nilikuwa nimeiona madirishani, nimeisikia kwenye mabati, lakini kuitazama ikitoka juu, uzi mmoja mmoja, ikija kwangu, na nikaendelea kuona, hilo sikuwa nalijua. Mwanamke aliyekuwa akikusanya ndizi zake kwenye turubai aliniuliza kama niko sawa. Nilimwambia niko sawa kabisa. Nililowa hadi chupi na nikafika nyumbani nikitabasamu.

Kwa miaka miwili iliyofuata nilizivaa lenzi zile karibu kila siku, na macho hayakuwahi kunisumbua. Hewa ya huko juu ina unyevu. Hata nguo hukaa siku mbili kwenye kamba. Ninachokumbuka zaidi ni jioni moja lenzi iliponidondoka bafuni nisiipate. Niliikuta kesho yake pembeni ya beseni, imekauka, imejikunja, ngumu kama gamba la samaki. Ingevunjika kama ningeibana. Kwa udadisi tu nikaitia kwenye kifuniko nilichomimina dawa ya kuhifadhia lenzi, nikaenda kunywa chai. Niliporudi ilikuwa imejifungua, imekuwa laini tena, inaelea kana kwamba haijapatwa na lolote. Sikuivaa, kwa sababu daktari alikuwa amenionya kwamba lenzi iliyokwisha kukauka hutupwa. Lakini nilikaa pale kwa muda nikiitazama kabla ya kuitupa. Kazini nilikuwa nimeona vitu vingi vikizaliwa, na bado kile kitu kidogo nilikigusa tena na tena kwa ncha ya kidole.

Kisha nikahamishiwa Kiambere, kando ya bwawa.

Mtu asidhani kwamba kuwa karibu na bwawa ni kuwa karibu na unyevu. Maji yapo, mengi, yanang'aa pale chini, lakini upepo unaopita juu yake ukifika kwenye maboma umekwisha kuwa mkavu kama pumzi ya jiko. Ardhi ni nyekundu, vichaka ni vya miiba, watu wanalima ndengu na muguka, ndugu yake miraa, na wanafuga mbuzi, mbuzi, mbuzi. Niliwapenda watu wa huko mara moja. Macho yangu hayakupapenda. Saa nne asubuhi yalianza kuwasha. Saa sita lenzi zilikuwa kama karatasi. Alasiri nilikuwa naona vizuri kwa kitambo kidogo tu, kisha ukungu unaingia, nafumba na kufumbua, unaondoka, unarudi.

Nilipaswa kurudi kwa daktari. Sikurudi. Nilikuwa na kichupa cha matone ya kulainisha macho, kikaisha, nikasema nitanunua kingine nikienda mjini, na mjini nikawa nakwenda kwa mambo mengine. Ukweli ni kwamba niliogopa angeniambia nirudi kwenye miwani. Kwa hiyo nilizivaa lenzi tangu alfajiri mpaka wakati wa kulala, na macho yalipozidi kuwa mekundu nililaumu vumbi. Mfugaji mmoja aliwahi kuniuliza kwa upole kama nimefiwa.

Siku macho yaliponishinda tulikuwa tunachanja mbuzi dhidi ya ugonjwa wa sotoka ya mbuzi katika boma la mama mmoja mjane, mtu wa makamo, mwenye kundi kubwa na maneno machache. Alikuwa amejenga kichochoro cha miti ambamo mbuzi walipita mmoja mmoja. Yeye anamkamata, mimi nachoma, wanawe wawili wa kike wanampaka rangi aliyechanjwa. Upepo ulianza mapema. Kufikia mbuzi wa mwisho jicho la kushoto lilikuwa linaniuma kama limetiwa mchanga. Niliosha mikono kwa sabuni, nikakaa kwenye kigoda, nikaitoa lenzi ya kulia bila taabu. Ya kushoto haikusogea. Nilijaribu kuibana kwa vidole, nikahisi nabana jicho lenyewe. Ilikuwa imeshika kama imegandishwa.

Niliacha. Nimefundishwa kazini kwamba kitu kikikwama, hofu huongeza nguvu mahali pasipohitaji nguvu. Lakini hofu nilikuwa nayo. Yule mama aliinama akanitazama usoni. Alipendekeza maziwa ya mbuzi, ya moto kutoka kwenye kiwele, akasema mama yake alikuwa akiwatibu nayo macho. Nikakataa kwa shukrani. Akapendekeza maji ya mtungi, nayo nikakataa. Onyo la daktari la kutotia maji ya kawaida kwenye lenzi nililikumbuka. Hakuudhika. Aliniambia basi niingie jikoni, angalau nijifiche upepo, nifumbe macho nipumzike wakati yeye anatengeneza chakula.

Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo, na ndani palikuwa na ubaridi kidogo. Moto ulikuwa bado haujawashwa. Nikakaa karibu naye, macho yamefumbwa, nikisikia kisu kikigonga ubao. Alikuwa anakatakata vitunguu vya kukaangia ndengu. Sikuwaza lolote kuhusu vitunguu. Nilipofumbua macho kidogo, mara jicho la kulia, lile lisilo na lenzi, likaanza kuchoma. Likachoma kwelikweli, chozi likatoka, likashuka hadi kidevuni. Na hapo ndipo nilipohisi kitu ambacho mpaka leo nikikieleza nashusha sauti. Jicho la kushoto nalo lililia. Nadhani kitunguu hakikuwa kimeliuma hilo. Lilikuwa limefunikwa na lile gamba lake kavu, halihisi kitu isipokuwa maumivu ya zamani. Lilikuwa linalia kwa sababu mwenzake analia. Machozi yaliingia chini ya kope, yakatuama, nikahisi uvuguvugu, na polepole, kama mlango uliovimba unavyoachia, lenzi ikasogea.

Nilimwomba yule mama aendelee kukata. Akaendelea, bila kuuliza. Nilipepesa, nikapepesa, nikasubiri, nikajaribu tena kwa vidole, na ikatoka. Niliiweka kiganjani. Yeye akaisogelea akaitazama, akaguna.

"Hiki ndicho kimekuwa kikikufanya usipepese?" aliuliza.

Nikamwambia sielewi.

"Wewe ukishika sindano hupepesi macho," alisema. "Nimekutazama tangu asubuhi. Mbuzi wanapepesa, mimi napepesa, wewe unakodoa mpaka mbuzi aondoke. Nilidhani ni ugonjwa wa hilo jicho."

Nilikula ndengu kwake nikiwa naona sahani na vidole vyangu tu. Binti yake mkubwa alinisindikiza hadi nyumba niliyopanga, karibu na soko, na kesho yake nikavaa miwani ya akiba nikaenda Embu.

Daktari wa macho alinikumbuka. Nilimwambia yote, pamoja na kichupa kilichoisha, na hakunikaripia, jambo lililonifanya nijisikie vibaya zaidi. Alinikalisha kwenye mashine, kidevu juu ya kiegemeo cha mashine hiyo, akatia rangi ya manjano kidogo kwenye macho na kuwasha taa ya buluu. Alikuta michubuko midogo kwenye jicho la kushoto. Si mikubwa, alisema, lakini lenzi hazitavaliwa mpaka ipone. Kisha akafanya jambo ambalo huenda hakulazimika kulifanya. Alifunga simu yake kwenye mashine, akaniambia nipepese mara moja halafu nisipepese tena mpaka aniambie, akalirekodi jicho langu la kulia. Alinipa simu nitazame.

Jicho langu lilijaa skrini yote. Lilikuwa limefunikwa na maji membamba ya kijani kinachong'aa, kutoka ukingo hadi ukingo, bila doa. Nililitazama kama mtu anavyotazama nchi kutoka juu ya kilima. Kisha doa jeusi likatokea upande wa chini. Halafu jingine. Yakakua, yakakutana, yakaacha mifereji myeusi katikati ya ule ukijani, na wala sikuwa nimemaliza pumzi moja.

"Hapo ndipo panapokauka," daktari alisema.

Halafu kwenye video nikapepesa, na kila kitu kikarudi kijani, kizima, kana kwamba hapakuwahi kuwa na ukame.

Nilimwomba niitazame tena. Niliitazama mara nne. Alikuwa anaeleza wakati huo, nami nilisikia nusu nusu, nikamwomba arudie. Alisema machozi si maji matupu. Chini kuna ute unaoyashikilia jichoni, katikati ndiyo maji, na juu kuna mafuta membamba mno yanayozuia maji yasikauke. Mafuta hayo hutoka kwenye vitundu vilivyopangwa ukingoni mwa kope, vidogo kuliko tundu la sindano. Kila mtu akipepesa anayatandaza upya. Lenzi hukaa katikati ya machozi hayo, mengine juu yake, mengine chini, na inahitaji yote mawili. Mtu akikaza macho kwenye kazi hupepesa mara chache, tena nusu nusu, kope haifiki chini. Ongeza upepo wa Kiambere na saa nyingi, lenzi inakunywa inachopata na mwishowe inashika.

Nikamweleza kuhusu vitunguu. Alicheka, kisha akasema nisije nikakifanya hicho kuwa dawa, kuna matone ya kazi hiyo. Nikamuuliza kwa nini jicho lisiloguswa na kitunguu lilie. Akasema njia ya uchungu inaanza kwenye jicho moja, lakini amri ya machozi inaporudi kutoka ubongoni huja kwa macho yote mawili.

"Mwili haujui kulia kwa jicho moja," alisema.

Nimechanja maelfu ya mbuzi. Nimeingiza mkono ndani ya ng'ombe hadi begani. Nilidhani naujua mwili. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba usoni, tangu Muthara, kitu kinachokauka na kufufuka maelfu ya mara kwa siku bila kuniomba chochote ila nipepese. Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi ya nje kwa muda, nikipepesa kama mtu anayesali.

Nilivaa miwani hadi michubuko ilipopona. Yule mama wa Kiambere aliponiona alisema leo nimekuja na madirisha, akanionyesha mbuzi mwenye kidonda. Daktari aliponiruhusu tena, alinibadilishia lenzi nikapewa zile za kuvaa siku moja na kutupa. Tukakubaliana niwe nazivaa asubuhi, na mchana upepo ukianza niingie kwenye miwani. Matone hayakosekani mfukoni sasa, yale yanayofaa kutiwa juu ya lenzi. Jioni nalaza kitambaa cha uvuguvugu juu ya kope, kwa ajili ya vile vitundu vya mafuta. Na nikishika sindano, kabla ya kila mbuzi, nafumba macho kabisa na kuyafumbua. Hapo mwanzo wafugaji walidhani naomba. Sikuwakatalia. Bado kuna siku za vumbi ambazo sivai lenzi kabisa, na hilo halinisumbui tena.

Desemba nilienda nyumbani Muthara. Nilipita Kianjai nikanunua viazi vitamu na kilo mbili za njahi, yale maharagwe meusi, nikamkuta mama uani akipembua maharagwe. Nilikuwa nimevaa lenzi. Mama hakuwahi kunizoea bila miwani. Kila mara hunitazama kwanza kama mgeni, kisha anacheka. Safari hii nilimweleza yote, kwa Kimeru, nikipapasa maneno, kwa sababu sikujua kwetu huo utando wa machozi unaitwaje. Nilimweleza kuhusu maji yaliyotandazwa, mafuta yaliyo juu yake, na jinsi yanavyokauka na kurudi. Aliacha kupembua. Akafuta mikono kwenye leso, akasogeza kigoda chake mpaka magoti yetu yakagusana, akanishika kidevu kama alivyokuwa akinishika nikiwa mtoto mwenye uchafu jichoni.

Alitazama kwa muda mrefu. Nilisikia kuku, nikasikia jirani akikata miti. Nilitarajia angesema haoni lenzi, maana hazionekani.

"Najiona," alisema. "Nimo humo ndani, na kitambaa changu cha kichwa."

Nikamwambia hayo ndiyo maji yenyewe, ndiyo yanayong'aa hivyo. Aliligeuza jicho langu kwenye mwanga kidogo, akajitazama tena, akarekebisha kitambaa chake akitumia jicho langu kama kioo. Kisha akaniuliza kama nimekula, na akaingia ndani kuniletea uji.